Je, magari yajayo yatahitaji bado mifuko ya hewa?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama gari linaloweza kufunga breki lenyewe, na baadaye kujiendesha, litahitaji bado mifuko ya hewa (airbag), na kama wingi wa mifuko ndio usalama wenyewe. Mimi ni fundi umeme wa magari, na taa ya mfuko wa hewa inayogoma kuzimika kwenye dashibodi ni sehemu kubwa ya kazi yangu, hivyo nitajibu kwa upande huo.

Mifuko itaendelea kuwapo, kwa kuwa breki za gari lako hazimzuii mwenzako kukugonga ubavuni. Hata hivyo, badiliko kubwa ninaloliona haliko kwenye idadi, bali kwenye uwezo wa gari kumtambua aliyekaa ndani yake. Mfuko wa usukani hujaa kwa takriban milisekunde 30, na nguvu hiyo hiyo inayomwokoa mtu mzima aliyefunga mkanda iliwahi kuwaua watoto na watu wafupi waliokaa karibu mno na dashibodi. Ndiyo maana mwaka 2000 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa kanuni iliyowataka watengenezaji waweke mifuko inayopunguza nguvu au kutofyatuka kabisa kulingana na aliyeko kitini. Tangu hapo viti vingi vya abiria wa mbele vina sensa ya uzito, na hapo ndipo hitilafu nyingi ninazozishughulikia huanzia: mfuko wenyewe ni mzima, ila plagi ya manjano chini ya kiti imelegea kwa kusukumwasukumwa, au maji yameingia. (Wanaovalisha viti vifuniko vizito wakumbuke kwamba mfuko wa ubavuni mara nyingi hutokea kwenye mshono wa kiti chenyewe, na kifuniko kinaweza kuuzuia.)

Hatua inayofuata ni kamera na rada za ndani, zinazopima kimo cha mtu, mkao wake na umbali wa kichwa chake, pamoja na sensa za nje zinazouona mgongano kabla haujatokea. Sensa za zamani husubiri gari ligonge ndipo ziamue. Zinazotazama mbele huupa mkanda nafasi ya kukazwa kwa mota mapema, mwili ukiwa bado umeegemea kiti. Volvo, kampuni ambayo mhandisi wake Nils Bohlin alibuni mkanda wa ncha tatu mwaka 1959, ilitangaza mwaka 2025 mkanda wa gari la EX60 wenye viwango 11 vya kudhibiti nguvu inayobana kifua, vikichaguliwa kwa kufuata umbo la mtu na aina ya ajali. Kwa maoni yangu, hilo lina uzito kuliko kuongeza mfuko wa kumi na moja, kwa sababu mfuko hufanya kazi yake vizuri pale tu mkanda unapokuwa umemshika mtu mahali pake.

Magari yanayojiendesha yanaleta tatizo jingine, nalo ni kiti cha kulalia. Mtu aliyejilaza yuko mbali na mfuko wa dashibodi, na gari likigonga, mwili wake huteleza chini ya mkanda, ambao huiacha nyonga na kukandamiza tumbo. Hapo mfuko itabidi uhamie kwenye kiti au kwenye mkanda wenyewe. Mifuko imekwisha kuanza kuhama: upo unaofunguka kati ya dereva na abiria ili wasigongane vichwa, na S-Class ya Mercedes-Benz ya mwaka 2020 ilipewa mifuko ya mbele kwa ajili ya abiria wa nyuma, iliyofichwa migongoni mwa viti vya mbele.

Jambo ambalo watengenezaji hawalizungumzii vya kutosha ni uzee. Vijazio (vifaa vinavyoujaza mfuko gesi) vya Takata, kampuni ya Japani, vilitumia amonia naitreti, ambayo iliharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi hadi kasha likawa linapasuka na kurusha vipande vya chuma; mamilioni kwa mamilioni ya magari yakaitwa kurekebishwa. Ukiwa na gari la miaka mingi, ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama linahusika. Ukinunua lililotumika, washa swichi: taa ya mfuko wa hewa inapaswa kuwaka kwa sekunde chache, kisha izimike. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeichezea. Nayo ikizimika kama kawaida bado si uthibitisho kamili, kwani nimewahi kufungua usukani nikakuta rezista (kipande kidogo cha kuzuia umeme) mahali pa mfuko, imewekwa ili kompyuta idanganyike kwamba kila kitu kipo. Kwa magari yajayo ukaguzi huu utakuwa mgumu zaidi, maana kamera ya ndani iliyorudishwa baada ya ajali bila kupimwa upya inaweza kukisoma vibaya kimo cha abiria bila taa yoyote kuwaka.