Vidole Vimechoka: Je, Niandike kwa Kusema?

SWALI: Mama, salaam aleikum. Mimi ni askari mstaafu, nakaa Bombo, Uganda. Wajukuu wananiomba niandike maisha yangu ya jeshini. Nimeanza kwenye simu, lakini herufi ni ndogo na vidole vinakakamaa. Kijana mmoja amenionyesha alama ya maikrofoni kwenye kibodi, akaniambia niseme tu, simu itaandika. Nilijaribu, ikaandika maneno nisiyoyatambua. Je, inafaa kwa Kiswahili chetu? Na kitabu cha kusemwa ni kitabu kweli?
Mstaafu, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam, Mzee wangu. Kitabu ni kitabu, na kazi uliyoianza usiiache.

Kwanza tazama lugha. Gboard, kibodi ya Google iliyomo katika simu nyingi za Android, inaandika Kiswahili cha kusemwa tangu 2017, lakini lazima uichagulie. Ikiwa imewekwa Kiingereza, itatafuta Kiingereza katika kila neno lako, na huenda hayo ndiyo uliyoyaona. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, upande wa lugha. Utakuta Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Jaribu vyote viwili, ubaki na kinachokusikia vizuri.

Mashine hii hukisia neno kwa kuangalia maneno jirani, kwa hiyo usiitajie neno mojamoja kama mwalimu wa imla. Sema sentensi nzima, kwa mwendo wako wa kawaida. Ukinyamaza kitambo maikrofoni hujizima, basi ipange sentensi kichwani kabla ya kubonyeza. Mimi husemesha simu alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kupiga honi, na waya wa maikrofoni karibu na mdomo. Nukta na mkato ziachie baadaye. Kila wazo likiisha, bonyeza mstari mpya.

Majina ya kwetu ndiyo yatakusumbua. Wobulenzi, Nakaseke, Semuto: simu itayavunja vipande, kila mara kwa namna nyingine. Fanya hivi: kila unapotaka kusema Wobulenzi, sema Dodoma, ambayo inaijua. Ukimaliza, mjukuu ahamishie maandishi kwenye kompyuta, aiambie itafute Dodoma yote na kuweka Wobulenzi. Chagua tu mji ambao haumo katika hadithi yako.

Na ukisema "watu ya Bombo", usijirekebishe kwa ajili ya mashine. Hicho ndicho Kiswahili mlichopeana amri nacho kambini, na wajukuu wanakusikia hivyo kila siku. Simu ikikigeuza, kirudishe.

Sasa jambo ambalo naomba ulishike kuliko yote. Msimuliaji husema kwa mikono pia. Unasema, "Sisi tulikuwa hapa, wale wakatokea pale, huyu akaanguka," na aliyekaa mbele yako anaona kidole kinaelekea wapi na uso umekunjamana vipi. Simu inachukua maneno peke yake. Msomaji atabaki na hapa, pale na huyu, asijue ni mto au barabara, wala nani aliyeanguka. Kwa hiyo siku ya pili msomee mtu ambaye hakuwepo, hata mtoto wa jirani. Kila anapouliza "wapi?" au "nani?", andika jina la mahali au la mtu, hata kama ni kwa kidole kimoja. Kurasa zako zitakamilika hapo, na kazi hiyo ya vidole ni ndogo, mkono utaiweza.

Kibodi haikuhifadhii sauti, inakuachia maandishi tu. Weka simu ya pili pembeni irekodi, maana iko siku wajukuu watataka kukusikia. Tena, mara nyingi sauti hupitia intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni. Siri za wenzako ambazo hukuruhusiwa kuzisema, usizisemee hapo.

Kama kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku, nenda hospitali. Huenda ni neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, na ina matibabu.

Kinubi nacho, lugha ya Wanubi, usitegemee simu ikiandike kwa kusemwa. Nyimbo na methali za nyumbani mwambie mjukuu aziandike kwa kalamu, huku wewe ukizitamka polepole, naye akusomee mpaka useme ndivyo.