OptiPlex 7010 yangu ya zamani: niitupe au niiongezee?

SWALI: Papa fundi, jambo. Niko na kaduka ka kuchapa na kufotokopi hapa Birere. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile ya sanduku kubwa la kusimama. Niliinunua okazioni. Iko na i5-3470, memori GB 4 na diski ya GB 500. Siku hizi naiwasha, naenda kufagia mbele ya duka, narudi bado inazunguka. Tena mtoto wangu anataka kutengenezea video za harusi humo humo. Muuzaji mmoja ananiambia niitupe ninunue mpya. Nifanye nini? – Mama wa duka, Goma

JIBU: Mama, usiitupe. Mashine hiyo ni ya 2012, na ilitengenezwa kwa ajili ya maofisi. Ndiyo maana ubavu wake unafunguka kwa kuvuta kishikizo tu, na ndani mna nafasi nyingi za kuongezea vitu. Hiyo prosesa yako ya i5 ina core nne (sehemu nne za kufanya kazi kwa pamoja) za 3.2 GHz. Kwa kuchapa barua, kuskani vitambulisho na kupeleka kazi kwenye printa, haina shida yoyote. Kinachokuchelewesha ni diski inayozunguka pamoja na memori ndogo.

Kabla ya kutoa hata franka moja, jua kwamba Dell walilirudia jina OptiPlex 7010 mwaka 2023 kwa mashine nyingine kabisa. Ukitafuta vipande kwa jina peke yake, utaletewa visivyoingia. Mwambie muuzaji: "7010 ya i5 kizazi cha tatu, memori DDR3." Au mpe ile namba ya Dell iliyobandikwa kwenye sanduku, yenye herufi na tarakimu jumla saba, hiyo haidanganyi.

Anza na SSD, yaani diski isiyozunguka, ya SATA ya inchi 2.5. Ndani kuna soketi nne za SATA, lakini ni mbili tu zenye kasi ya 6 Gb/s, zile zilizoandikwa 0 na 1. Nyingine zinakwenda nusu ya hapo. Chomeka SSD kwenye 0, na diski ya zamani uihamishie soketi nyingine ibaki ghala la kazi za wateja. Wako watakaokuuzia NVMe, aina nyingine ya SSD, pamoja na kikadi cha kuichomeka wakikuambia ni kasi zaidi. Ni kweli ina kasi, ila BIOS (programu ya kuwashia) ya mashine hii haiwezi kuwaka kutoka NVMe. Ungebaki na diski ghali ambayo Windows haianzii juu yake.

Halafu memori, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo watu wengi wanapoibiwa. Sanduku lako lina nafasi nne za bareti (vipande vya memori) na linakubali hadi GB 32, kila bareti isizidi GB 8. Kwako GB 8 zinatosha dukani. Kwa video za mtoto fika 16. Nunua mbili zinazofanana, kwa sababu zikiwa jozi zinafanya kazi sambamba na mashine inapata kasi zaidi. Ziwe DDR3 za kompyuta ya mezani. DDR4 haiingii, ule mkato wake wa katikati uko mahali pengine. Sokoni zinapita pia bareti za seva: zinaingia vizuri, lakini mashine haiwaki. Mbaya kuliko zote ni zile za GB 8 za bei ya chini zinazotengenezwa kwa ajili ya bodi za AMD tu. Kwa macho hazina tofauti na nyingine. Mimi mwenyewe nilimnunulia mteja mbili za namna hiyo, nikashinda siku nzima nikidhani bodi imekufa, na aliyeniuzia akakataa kuzirudisha. Tangu siku hiyo sitoi pesa kabla bareti haijawaka ndani ya mashine mbele yangu. Nenda na sanduku lako dukani, mama, hata kama ni zito. Jambo moja tena: kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukijaza nafasi zote. Iwe ya biti 64.

Sasa video za mtoto. Ndani kuna nafasi ndefu ya PCIe x16 ya kadi ya grafiki, na kadi nyingi zitaingia kwa umbo, ila zile ndefu au nene sana zinaweza kukosa nafasi. Mpaka mkubwa ni umeme. Alimantasio, yaani kile kifaa cha ndani kinachogawa umeme, ni ya wati 275 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi itakula tu kile inachopewa na nafasi yenyewe, yaani wati 75. Kadi inayodai waya wa pini 6 au 8 muiache. GTX 1050 Ti isiyo na soketi ya umeme inafaa. GT 1030 ni rahisi zaidi na inakula kama wati 30, ila haina kipande cha kubana video, kwa hiyo kwa mtu wa montaji (kukata na kuunga video) ni nusu msaada.

Lakini msikimbilie kadi. Simu nyingi za sasa zinarekodi video kwa muundo wa H.265, na i5 ya kizazi cha tatu haina chombo cha kufungua muundo huo. Core zote nne zinabeba mzigo na picha inakatakata. Mtoto aingie kwenye mipangilio ya kamera achague H.264, ajaribu na GB 16 na SSD, ndipo muamue kama kadi inahitajika.

Nyuma kuna DisplayPort mbili na VGA moja, HDMI haipo. Kiunganishi cha DisplayPort kwenda HDMI kinatosha kuweka ekra ya pili. USB ni kumi, nne kati yake ni USB 3.0: flashi za wateja zichomekwe hizo za buluu. Wi-Fi haina, ila kadi ndogo ya PCIe x1 au ya USB inaipa.

Kuhusu Windows: kama ni 10, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi mashine hii, kwa sababu inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kwa duka linalopokea flashi za kila mtu, hilo ni jambo zito. Mimi ningeweka Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) na LibreOffice ya kuandikia kwenye SSD mpya. Kwanza tuhakikishe printa yako inakubali, na mtoto ahakikishe programu yake ya montaji ipo huko.

Mwisho ni umeme wetu. Unajua jinsi umeme unavyokatika Goma na kurudi kwa kishindo. Onduleri (UPS, kifaa chenye betri ya akiba) ya VA 650 inabeba sanduku na ekra, inakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima. Printa ya leza na mashine ya fotokopi usizichomeke humo hata siku moja: zikianza kupasha joto zinavuta umeme mwingi kwa mara moja, na onduleri inazidiwa. Hizo zipitie stabilizateri yao. Na siku utakapofungua sanduku kuweka SSD, pulizia lile vumbi jeusi la volkano lililojaa kwenye feni, ukiishika kwa kidole isizunguke, na ubadilishe betri ya CR2032. Kama tarehe inarudi nyuma kila asubuhi ukiwasha, hiyo ndiyo imekwisha.