Chaja ya magari mgahawani: italipa?

Ndugu, umeuliza kama chaja ya magari ya umeme katika mgahawa wako wa Naivasha itarudisha gharama zake. Chaja ya kilowati 7 hutoa uniti 7 kwa saa, hivyo mteja anayekula kwa saa nzima, hata ukimtoza shilingi 10 juu ya gharama yako kwa kila uniti, atakuachia shilingi 70 tu, ambazo hazifiki hata bei ya sahani ya chipsi. Faida yako, basi, imo jikoni. Ile ya kilowati 50 ningeiepuka kwa sasa, kwa kuwa inahitaji umeme wa fezi tatu (ule wa mashine kubwa, kama za viwandani) na pengine transfoma mpya. Kabla ya kununua chochote, waulize Kenya Power kuhusu bei maalumu ya umeme wa magari iliyoanza mwaka 2023, kisha uhesabu kwa wiki mbili magari ya umeme yanayoegeshwa kwako.