Mgonjwa wa Saratani Anapopata Dripu na Kurudi Nyumbani: Kwa Wauguzi Wapya

Ninyi mnaoanza kazi katika chumba cha dripu za saratani hapa Dodoma mtazoea upesi kutafuta mshipa na kuukodolea macho wakati doksorubisini inapoingia, kwa kuwa dawa hiyo ikivuja huunguza nyama. Hayo mtafundishwa na wakubwa wenu. Ninalotaka kuwaeleza huanza jioni, mgonjwa anapovaa viatu na kwenda zake, maana kumtibu mtu bila kumlaza ni kuwakabidhi ndugu zake zamu ya usiku.

Siku ya dripu siyo siku ya hatari. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, hushuka mno kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, wakati mgonjwa yuko Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, tena akijiona amepata nafuu kwa kuwa kichefuchefu kimekwisha. Homa ya nyuzi 38 katika siku hizo ni dharura, na akifika hospitali antibiotiki ya mshipani inapaswa kuingia ndani ya saa moja. Lakini huku kwetu kila homa huhesabiwa malaria kwanza. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, mama mmoja alipatwa na homa siku ya 10, akanunua mseto wa malaria na parasetamoli dukani, mwili ukapoa, akakaa siku mbili. Alipoletwa, presha ilikuwa imeshuka na hawezi kusema. Mimi ndiye niliyemuaga kwa maneno “ukijisikia vibaya urudi”, maneno yasiyomsaidia chochote mtu ambaye hajajisikia vizuri tangu dripu ya kwanza.

Siku hizi nazungushia wino mwekundu zile siku kwenye kalenda yake, namfundisha msindikizaji kusoma kipimajoto, kisha namtaka anisomee yeye. Nawakataza kumeza chochote cha kushusha homa kabla ya kupima na kutupigia. Halafu nauliza atalala wapi, usafiri wa usiku wataupataje, na simu iko kwa nani. Bibi mmoja wa Mvumi alinijibu, “Mjukuu wangu, simu anayo mchunga ng'ombe, hurudi jua likizama.” Tuliandika namba ya jirani.

Na msisahau kumwambia mapema kwamba doksorubisini hugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Nimewahi kupigiwa simu saa nane za usiku na familia nzima inalia, ikidhani ni damu.