Maswali na majibu: Shakuhachi, mwanzi unaouzwa bei ya pikipiki

Tangu niitaje katika safu hii shakuhachi, ile filimbi ya Kijapani ya mwanzi inayoshikwa wima na kupulizwa kwenye ncha ya juu, maswali hayajakatika. Nimechagua machache.

Nimeona moja mtandaoni inauzwa zaidi ya dola 2,000. Si mwanzi tu huu, kama tunaojengea mabanda ya kuku? Au ni wizi? (Msomaji, Tanga)

Wizi upo, nitaufikia. Lakini kwa filimbi iliyotengenezwa kwa mkono na fundi anayeijua kazi yake, bei hiyo si ya ajabu, na zipo zinazoipita mbali.

Mwanzi wake unaitwa madake, na si kila shina linafaa. Fundi anataka shina lililokomaa, miaka mitatu au zaidi, lenye vifundo vilivyokaa mahali pake. Filimbi ya kawaida huwa na vifundo saba, na matundu ya vidole lazima yapate nafasi katikati. Halikatwi kwa panga juu ya ardhi bali huchimbwa, kwa sababu sehemu ya chini ya filimbi ni kile kitako cha shina chenye mizizi. Ukiipata mkononi, igeuze: utaona viduara vidogo vimezunguka mwisho wa chini. Hapo ndipo mizizi ilipokatwa na kusuguliwa.

Uchimbaji ni wa majira ya baridi, utomvu ukiwa umepungua. Mwanzi mbichi hupitishwa juu ya moto wa mkaa, ukageuzwa na kugeuzwa hadi mafuta yake yachuruzike juu ya ganda, na fundi huyafuta kwa kitambaa yakiwa bado ya moto. Kisha huanikwa juani mpaka kijani chote kiondoke, halafu huwekwa ghalani. Hukaa huko miaka.

Hadi hapo bado hujalipia kitu, maana unacholipia kiko ndani. Mafundi wengi wa leo hutoboa vifundo, wakaupanua uwazi wa ndani, kisha wakaujenga upya kwa rojo la unga wa jiwe lililochanganywa na urushi, utomvu wa mti unaotumika kama vanishi. Fundi anapaka, anasubiri likauke, anasugua, anapuliza, anasikiliza, anapaka tena. Unene ukizidi kidogo tu, chini ya milimita moja, noti fulani inakosa nguvu au oktava ya juu inakataa kulingana na ya chini. Ndiyo maana filimbi mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuachana mno kwa bei.

Sasa wizi. Muuzaji akikuletea picha kumi za nje na asikurushie hata sauti moja, achana naye. Dai rekodi ya filimbi ileile unayouziwa, noti zote, oktava mbili, bila mwangwi wa kompyuta.

Nimesoma kwamba urushi ni sumu. Niweke mdomo kwenye sumu? (Msomaji, Mtwara)

Wewe wa Mtwara ndiye utakayenielewa haraka. Mti wa urushi ni ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Utomvu wake mbichi huwasha na kuchubua ngozi, jambo ambalo wabanguaji wa korosho wanalijua kwa mikono yao wenyewe. Mafundi wanaoanza kazi huvimba wakajuta. Ukishakauka sawasawa, kwa watu wengi hauna shida tena. Ajabu yake ni kwamba haukauki kama rangi ya mafuta, kwa jua na upepo: unataka hewa yenye unyevunyevu, hivyo kazi hufungiwa ndani ya kabati lenye unyevu. Kama wewe ni wa kuvimba midomo kwa maganda ya embe, usikimbilie filimbi iliyotoka kwa fundi jana. Chukua iliyokwisha kukaa.

Matundu matano tu! Filimbi yangu ya shule ilikuwa na zaidi. Inatoshaje? (Msomaji, Kisumu)

Manne mbele, moja nyuma la kidole gumba. Ile ya kipimo cha kawaida, yenye urefu wa takriban sentimita 54.5, ukifungua matundu kwa zamu inakupa D, F, G, A na C. Noti nyingine unazitoa kwa kuziba tundu nusu na kwa kichwa chako. Ukiinamisha kidevu, sauti inashuka nusu toni na hata zaidi, inakuwa na kivuli. Ukikiinua, inapanda na kung'aa. Kwa hiyo noti ileile ina sura kadhaa, na mpigaji mzuri huichagua sura kama mwimbaji anavyochagua kuzungusha neno. Wajapani wana msemo kwamba kutikisa shingo tu kunahitaji miaka mitatu. Sidhani kama wanatia chumvi.

Napiga nai kwenye kikundi cha taarabu. Nitaweza bila mwalimu? (Msomaji, Unguja)

Sauti ya kwanza utaitoa mapema kuliko wengi, maana umezoea kupuliza ncha iliyo wazi isiyo na kipenga. Ila mdomo utakudanganya. Nai unaielekeza upande. Shakuhachi inakaa katikati, mbele yako, na ncha yake imekatwa mteremko kwa nje ili pumzi igonge ukingo mkali. Vidole navyo vijifunze upya. Mwalimu tafuta, hata wa kwenye simu, kwa miezi ya mwanzo.

Ni kweli ilikuwa ya watawa? Nikiipiga nitakuwa nafanya ibada ya watu? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli. Enzi za watawala wa Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo, ilikuwa mikononi mwa watawa wa madhehebu ya Fuke, tawi la Ubudha wa Zen. Walizunguka na kuomba sadaka huku wamevaa kofia ya kikapu iliyofunika uso mzima, na kupuliza kwao kulikuwa sehemu ya taamuli. Mmoja wao, Kurosawa Kinko, katika karne ya 18 alikusanya vipande 36 ambavyo hadi leo ni msingi wa shule ya upigaji inayobeba jina lake. Mwaka 1871 serikali ya Meiji, iliyochukua nafasi ya watawala wa Edo, ikayafuta madhehebu hayo, na filimbi ikabaki kwa wanamuziki wa kawaida. Mwaka 1896 Nakao Tozan alianzisha shule nyingine mjini Osaka, yenye mwelekeo wa kisasa zaidi.

Leo inapigwa pamoja na koto, ala ya nyuzi ya Kijapani, harusini, kwenye jazi, kwenye filamu. Nia ni yako. Lakini hata kabla ya watawa hao ilikuwepo: hazina ya Shosoin huko Nara imehifadhi shakuhachi za karne ya 8, na hizo zina matundu sita.

Nimeletewa ya zamani kutoka Japani. Imeanza kupasuka, na mdomoni ina kipande cheupe. Nifanyeje? (Msomaji, Nairobi)

Nianze na hicho cheupe. Ukingo wa kupulizia huwekewa kipande kigumu usiliwe na unyevu: pembe ya nyati-maji, siku hizi hata plastiki. Za zamani nyingine ziliwekewa pembe ya ndovu. Biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu miaka ya mwisho ya 1980, na Kenya haina mzaha na hilo. Usiiuze wala usivuke nayo mpaka kabla ya kujua ni nini, kwa maandishi.

Ufa sasa. Mwanzi unapasuka pale ndani panapolowa kwa pumzi na nje pamekauka. Acha kuipiga, ufa usiende mbali. Fundi hujaza ufa kwa gundi, kisha huufunga kwa uzi uliokazwa sana, mara nyingi kwenye mfereji mwembamba aliouchimba kuzunguka mwanzi, na juu yake huweka henzirani. Ikifungwa vizuri inapiga kama mwanzo. Baada ya hapo iweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na dirisha lenye jua, kiyoyozi na gari lililoegeshwa. Kila ukimaliza kupiga pitisha kitambaa ndani kabla hujaifungia, la sivyo utafuga ukungu.

Kwetu Lushoto mianzi ipo. Naweza kujitengenezea? (Msomaji)

Unaweza, na ninakuhimiza. Usianze na mambo ya rojo. Zipo shakuhachi zisizopakwa kitu ndani, na wapigaji wengine huzipenda zaidi kwa sauti yake yenye pumzi na kwikwi. Tafuta shina lililokomaa, lenye uwazi wa karibu sentimita mbili juu, lililokauka kivulini kwa muda mrefu. Kata ukingo wa kupulizia kwanza, upate sauti, ndipo utoboe tundu lolote. Toboa dogo, pima kwa kipima sauti cha simu, panua kidogo kidogo. Tundu lililozidi halirudi.

Nianze kumsikiliza nani? (Msomaji, Muscat)

Goro Yamaguchi. Upigaji wake wa kipande cha kale kuhusu korongo na kiota chao ulitiwa kwenye diski ya dhahabu iliyorushwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Baada yake Katsuya Yokoyama, aliye na pumzi nzito zaidi.

Ile ya plastiki ni ya kitoto? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Ya plastiki iliyonakiliwa kutoka filimbi nzuri ni bora kuliko mwanzi mbovu, haipasuki, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya fundi. Anza nayo. Usizibe tundu lolote mwanzoni, finya midomo iwe tundu jembamba, puliza taratibu kuelekea ukingo huku ukiizungusha filimbi kidogo mbele na nyuma mpaka ilie. Kizunguzungu kikija, ni pumzi imezidi: keti, pumzika, urudie jioni.