Turbo na supachaja kwenye injini moja: majibu ya maswali yenu

Turbo na supachaja vinakaa pamoja? Havigombani? (Dereva, Kasulu)

Vinakaa. Lancia Delta S4 ya rali ilikuwa navyo vyote mwaka 1985, na Nissan waliuza March Super Turbo ya cc 930 mwaka 1989. Vyote viwili husukuma hewa ndani ya injini. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Injini ikizunguka polepole moshi ni mchache, ndiyo maana unakanyaga mafuta mlimani na gari linasita kwanza. Supachaja huzungushwa na mkanda kutoka krenki, yaani shafti kuu ya injini, hivyo inasukuma hewa papo hapo, ila inakula nguvu ya injini yenyewe. Katika Volkswagen Golf GT ya mwaka 2005 supachaja inabeba kazi ya mizunguko ya chini. Injini ikipita mizunguko 3,500 kwa dakika, klachi ya sumaku inaiachia supachaja, kilango cha hewa kinafunguka na turbo inaendelea peke yake. Injini ya lita 1.4 ikatoa nguvu za farasi 170! Naipenda sana kazi hiyo.

Nimepata Golf 1.4 TSI iliyotumika. Ninunue? (Nzega)

Uliza kwanza ni ya farasi wangapi. Ya 122 ina turbo tu. Ya 160 au 170 ina vyote viwili, na hiyo imejulikana kwa cheni ya taimingi (inayoendesha vali) kulegea na pistoni kupasuka. Iwashe asubuhi ikiwa baridi kabisa, boneti wazi. Ukisikia cheni inagonga sekunde za mwanzo, ondoka. Hata ikiwa kimya, kama hujui fundi wa karibu aliyewahi kuifungua, mimi nisingekushauri.

Fundi anataka kuongeza supachaja kwenye Hilux yangu ya dizeli yenye turbo, eti hewa ya Tabora ni nyepesi. (Ipuli)

Kuhusu hewa hajakosea: Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake imepungua uzito kama asilimia 10 ukilinganisha na Dar. Lakini turbo uliyonayo ndiyo dawa yake. Vua mpira wa hewa, shika shafti ya turbo kwa vidole, itikise. Ikicheza hadi mapanga yaguse ukuta, imekufa. Fedha ya supachaja ipeleke huko. Na badilisha chujio la hewa, vumbi letu halina huruma.

Nizime injini mara tu nikifika? (Uvinza)

Ukitoka kupanda na mzigo, iache iungurume dakika moja au mbili. Ukizima ghafla, oili inaungulia kwenye beringi za turbo.