Maswali Yenu: Mjomba Asema Amepona, Ataka Kuacha Tembe

SWALI: Salaam aleikum. Mjomba wangu aligunduliwa saratani ya damu mwaka jana, ile waita CML. Tulidhani atatundikiwa dripu za kemo mpaka nywele zitoke, kumbe akapewa tembe tu za kumeza kila siku, imatinib. Sahii ni miezi minane, amenona, amerudi kwa biashara yake Kongowea, na damu ikipimwa wasema iko sawa. Sasa ashasema amepona, ya nini kuendelea kumeza madawa. Daktari alitwambia eti hiyo dawa yazuia kinasi, hatukuelewa na hatukuuliza manake foleni ilikuwa imefika nje. Kinasi ni mdudu gani, na je, aache?
Mpwa, Majengo

JIBU: Waaleikum salaam mpwa. Asiache. Nimeanza na hilo usije ukachoka kusoma kabla hujafika.

Kinasi si mdudu. Ni protini zako mwenyewe, binadamu ana aina zaidi ya 500, na kazi yake ukiitaja ni ndogo tu: yachukua fosfati moja, kijipande kidogo cha kemikali, kutoka kwa ATP, yale mafuta ya seli, yaibandika kwa protini nyingine. Ikibandikwa ile protini yageuka umbo kidogo, na kule kugeuka ndio kuwaka kwake, au kuzima. Alafu kuna fosfatasi, hao kazi yao ni kubandua. Kwa hivo ndani ya seli ni bandika bandua kutwa kucha kama jikoni siku ya harusi.

Chukua mfano huu. Wapita kichochoro cha Kibokoni usiku, mbwa akurukie. Adrenalini yamwagika kwa damu yafika kwa seli ya msuli, lakini ndani haiingii, yabisha hodi tu. Walio nyuma ya mlango wapashana habari mpaka yamfikia kinasi wa kwanza, huyo abandika fosfati kwa kinasi wa pili, wa pili naye abandika kwa kile kimeng'enya cha kuvunja sukari ya akiba, na hakuna anayemwambia mwenzake mmoja, kila mtu aambia wengi, kama habari ya msiba mtaani, hata ukija kushtuka ushafika Ngomeni na hujui miguu ilitoa wapi mbio zile. Hii habari ya fosfati na sukari ya msuli ndio Edmond Fischer na Edwin Krebs walioifumbua kule Seattle miaka ya 1950, na Nobel yao wakaja kupewa 1992! Subira hiyo mimi sina.

Sasa mbwa akishaenda zake, hodi yaisha, fosfati zabanduliwa, moyo watulia. Kwa mjomba haitulii. Kwenye uboho wake kromosomu (zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni) ya 9 na ya 22 zilibadilishana vipande, jeni ya ABL ikaenda kugandana na jeni ya BCR, ikazaliwa kinasi isiyongoja hodi ya mtu. Yabandika tu, usiku na mchana, yaziambia seli za damu zaaneni, zaaneni. Ni kama tuktuk iliyonasa mafuta, dereva ukanyage usikanyage yenyewe yaenda. (Kinasi na kunasa, jina limekaa hapo lenyewe, sikulitunga.) Ile kromosomu iliyokatika ilionekana mara ya kwanza 1960, mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba ni vipande vilivyobadilishana, na imatinib ikaruhusiwa Marekani 2001. Kabla yake wengi wenye ugonjwa huu walikuwa wahesabiwa miaka tu, leo anayeimeza vizuri na ikamkubali aweza kuishi karibu sawa na jirani yake.

Imatinib yafanyaje? Yaenda kukaa palepale ATP ilipokuwa ikae, kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kitasa, basi kinasi haipati fosfati ya kubandika. Lakini angalia, kromosomu haikurekebishwa. Kitasa kibovu bado kiko, kimezibwa tu. Hiyo afya ya mjomba ndio dawa yenyewe ikifanya kazi! Akiacha, au akimeza leo akiruka kesho, zile seli zarudi kuzaana, na kati yao kwaweza kutokea zenye kinasi iliyogeuka umbo, dawa haiingii tena, ndio mwanzo wa kutafuta dawa nyingine kama dasatinib.

Na ile damu kusoma sawa isimdanganye. Hesabu ya seli ni kitu kimoja, kipimo cha BCR-ABL, zile jeni mbili zilizogandana, ni kingine, hicho ndicho cha kumwuliza daktari. Ni kweli kuna watu huachishwa, lakini baada ya miaka ya kipimo hicho kuwa chini kabisa, tena wakifuatwa kwa karibu, na hata hivo karibu nusu yao ugonjwa warudi. Miezi minane bado sana.

SWALI: Mimi nina sukari, nasikia insulini nayo ni mambo ya kinasi. Kwa hivo na mimi nimeze hiyo tembe?
Mama Likoni

JIBU: La hasha, mama. Wewe shida yako ni kinyume. Mlango ambao insulini yabisha hodi ni kinasi wenyewe, lakini kwa sukari ya aina ya pili hodi yapigwa na ndani hawaitiki sawasawa, glukosi yabaki nje kwenye damu. Yule mjomba kelele zimezidi, wewe wamekuwa viziwi. Endelea na dawa zako.

SWALI: Mgonjwa wa imatinib aweza kunywa maji ya balungi?

JIBU: Aliache. Balungi lazuia kimeng'enya kinachovunja dawa hiyo mwilini, dawa yazidi kipimo. Chungwa la kawaida halina neno. Mizizi na madawa ya kuchemsha nayo amwambie daktari kabla, si baada. Na tembe aimeze na chakula na gilasi kubwa ya maji, si kwa kijichai cha mwisho kilichobaki kikombeni, la sivyo tumbo litamchafuka aseme ni saratani imerudi.